Kwa nini shabiki hulilia jezi hata ya mchezaji wa plastiki

MWAKA 2012 mmiliki wa Cardiff City, tajiri wa Malaysia Vincent Tan, alifanya jambo ambalo kule Wales bado halijasahaulika. Timu ambayo jina lake la utani ni Bluebirds, yaani ndege wa bluu, na ambayo ilikuwa ikivaa bluu tangu enzi za mababu, ikavishwa jezi nyekundu. Kwenye nembo akapandishwa joka, ndege akabanwa chini, kawa kadogo hata humwoni vizuri.

Uwanjani hesabu zilimbeba. Msimu wa kwanza tu wa nyekundu, 2012/13, Cardiff ikachukua ubingwa wa Championship na kupanda Ligi Kuu England. Ungedhani watu watanyamaza, si timu inashinda? Wapi! Kelele ziliendelea mpaka Januari 2015, bluu iliporudi.

Miezi sita baadaye, Julai mwaka huohuo, kampuni ya Games Workshop ya Nottingham ikapita njia ileile. Tofauti ni kwamba wao hawakuwa na timu ya watu. Walikuwa na vijisanamu vya plastiki, vingi havizidi urefu wa kidole gumba, ambavyo watu huvipaka rangi wenyewe, huvipanga mezani na kuvichezesha kwa dadu na futi kamba. Kampuni haikubadili sheria peke yake. Ilifuta ulimwengu mzima ambamo vijisanamu hivyo viliishi, na falme zake, miji yake na wafalme wake. Watu wazima, wenye kazi na watoto, wakaja juu. Mmoja akajirekodi video akilichoma moto jeshi lake.

Shabiki wa soka anaweza kucheka hapo. Plastiki tu hiyo! Lakini jezi nayo ni kitambaa tu, na hakuna anayethubutu kwenda kusema hivyo Jangwani wala Msimbazi.

Michezo hii ya mezani ina swali moja ambalo limeulizwa kwa zaidi ya miaka 100: mtu anavutwa na sheria za mchezo, au na stori iliyo nyuma ya sheria? H.G. Wells, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alitoa kitabu cha sheria za kupiganisha askari wa kuchezea, Little Wars, mwaka 1913. Tangu hapo meza zimepita Napoleon, zimepita Hitler, zimefika kwenye mapigano ya anga za mbali. Lakini majibu matamu zaidi kwa msomaji wa kurasa hizi yamo kwenye maboksi mawili ambayo ndani yake mna uwanja, mpira na timu mbili.

KIFUNGO CHA KOTI

Boksi la kwanza ni Subbuteo. Lilianzia Langton Green, kijiji kilicho jirani na mji wa Tunbridge Wells, kusini mashariki mwa England. Mwenyewe aliitwa Peter Adolph, kijana aliyekuwa ametoka jeshini baada ya Vita ya Pili na ambaye mapenzi yake makubwa yalikuwa ndege. Alitaka mchezo wake uitwe Hobby, jina la Kiingereza la aina moja ya kozi. Ofisi ya kusajili majina ya biashara ikamkatalia, kwa kuwa neno hilo pia lina maana ya jambo la kujifurahisha. Adolph akageukia jina la kisayansi la ndege huyohuyo, Falco subbuteo. Ndiyo maana mchezo wa mpira unaitwa jina la kozi.

Agosti 1946 alitangaza kwenye gazeti la wavulana, The Boy's Own Paper. Inasimuliwa kwamba wakati tangazo linatoka hakuwa na hata boksi moja tayari, na oda zilipoanza kumiminika ndipo mbio zikaanza. Mabunda ya kwanza yaliwafikia wateja mwaka 1947. Wachezaji walikuwa wa karatasi ngumu, wamesimamishwa juu ya vitako vilivyobuniwa kutokana na kifungo cha koti na washa ndani yake ili viwe vizito chini. Magoli yalikuwa ya waya, nyavu za karatasi. Uwanja haukuwemo. Ndani ya boksi kulikuwa na chaki, na mteja akaambiwa atafute blanketi kuukuu la jeshi achore mistari mwenyewe. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imechoka, ina mgao wa chakula na nguo, lakini blanketi la jeshi halikukosekana.

Sheria zake si ngumu. Unampiga mchezaji kwa ukucha wa kidole, kama anayepiga gololi, naye anateleza hadi kwenye mpira. Ukiugusa bila kumparamia mpinzani unaendelea kumiliki, ila mchezaji mmoja hapewi zaidi ya miguso mitatu mfululizo. Kipa amefungwa kwenye kijiti, unamwendesha kwa mkono kutoka nyuma ya nyavu. Basi.

Wala Adolph hakuwa wa kwanza. Liverpool kulikuwa na mchezo unaofanana na huo, Newfooty, ukiuzwa tangu mwaka 1929. Alichokielewa Adolph kuliko wengi ni kitu ambacho muuza jezi yeyote wa Kariakoo anakijua: hakuna mtoto anayetaka kucheza na "timu". Anataka kucheza na timu yake.

Akatengeneza orodha. Timu namba 1 ilikuwa na jezi nyekundu na kaptura nyeupe, namba 2 jezi ya bluu na kaptura nyeupe. Namba moja ilitosha kuwa timu nyingi, kwa sababu klabu za nyekundu na nyeupe zipo kibao, na mtoto mwenyewe angemalizia kazi kichwani. Miaka ilivyokwenda orodha ikapita mia, ikapita mia mbili. Shabiki wa Norwich City akapata njano na kijani yake, rangi ambazo pale Jangwani hazihitaji kutafsiriwa. Mwaka 1961 karatasi zikaanza kupisha wachezaji wa plastiki, wenye mikono na miguu. Rangi zilipakwa kwa mkono, mchezaji mmoja mmoja, na kazi hiyo ilifanywa na watu majumbani mwao katika vijiji vya jirani. Mstari wa soksi wa nusu milimita ulikuwa mkate wa familia.

Halafu yakaja mapambo. Taa za uwanja. Majukwaa na watazamaji wake. Ubao wa magoli. Wapiga picha wa TV, polisi, vijana wa kuokota mipira. Hapa ndipo mtu anapaswa kutulia kidogo na kufikiri. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye kazi yoyote kwenye sheria. Taa haikupi goli. Polisi hamzuii mtu. Jukwaa ukiliweka karibu sana linakubana hata mkono wa kupigia. Na bado watoto walivunja vibubu kununua taa, kwa sababu bila taa usiku wa Kombe la Ulaya hauwi usiku wa Kombe la Ulaya. Mchezo ulipata umaarufu hadi bendi ya The Undertones ya Derry ikautaja kwenye wimbo wao wa mwaka 1980, My Perfect Cousin.

Kampuni ya Waddingtons iliinunua Subbuteo mwaka 1968, na baadaye ikaangukia kwa Wamarekani wa Hasbro. Kufikia hapo adui mpya alikuwa ameshaingia sebuleni: gemu za runinga. Na huko nako jezi ikaamua mengi. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu wanaikumbuka Pro Evolution ya Konami. Wengi waliapa kwamba uchezaji wake ulikuwa mtamu kuliko FIFA, lakini haikuwa na haki za majina, kwa hiyo Manchester United ikaitwa Man Red, Chelsea ikawa London FC na Liverpool ikawa Merseyside Red. Watu walikaa usiku kucha wakiandika upya majina na kupaka jezi kabla ya kucheza hata mechi moja. Hawakuwa wanarekebisha uchezaji. Walikuwa wanamtafuta Gerrard.

Subbuteo haikufa, ila iligawanyika. Upande mmoja wapo wanaoicheza kama mchezo wa mashindano, chini ya shirikisho la kimataifa FISTF lililoanzishwa 1992. Mechi ni vipindi viwili vya dakika 15, na vitako vya wachezaji wao ni bapa, vimesuguliwa vikang'aa, vinateleza kama sabuni sakafuni. Hawa ni mafundi kwelikweli. Kwao mwanasesere aliyesimama juu ya kitako ni abiria tu. Upande wa pili ni wazee wa timu namba 1 na namba 2, wenye maboksi ya kijani darini, ambao wanajua kitako cha zamani kinayumba na kumrusha mchezaji kusikotakiwa, na hawataki kingine. Hakuna upande uliokosea. Lakini ukipita mnadani utaona fedha inakimbilia wapi: timu adimu ya zamani, jezi ya klabu fulani ya msimu fulani, ikiwa na boksi lake.

REFA ANAYEHONGEKA

Boksi la pili ni la wahuni. Linaitwa Blood Bowl.

Mbunifu wake ni Jervis Johnson wa Games Workshop, na toleo la kwanza lilitoka mwaka 1986. Wakati huo Waingereza walikuwa wamepagawa na mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mabega mapana. Channel 4 ilianza kuuonyesha mwaka 1982, na Agosti 1986 Chicago Bears na Dallas Cowboys walikuja kupigana Wembley kwenyewe. Games Workshop tayari ilikuwa na ulimwengu wake wa kubuni, Warhammer, uliojaa mazimwi ya kijani, wachawi, panya wanaotembea kwa miguu miwili na watu wafupi wenye ndevu ndefu. Johnson akauliza swali la kijinga lenye akili: itakuwaje wote hawa wakiacha vita wakacheza mpira?

Stori inasema majeshi mawili yakiwa vitani yaligundua hekalu la kale la mungu aitwaye Nuffle. Hekalu lenyewe lilikuwa uwanja, na maandiko matakatifu yalikuwa sheria za mchezo. Tamka Nuffle polepole, utasikia NFL. Aliyeyasoma maandiko aliitwa Roze-El, na shabiki wa Marekani anajua kwamba bosi wa NFL miaka ile alikuwa Pete Rozelle. Utani mtupu, mwanzo mwisho.

Kama ilivyokuwa kwa Adolph, toleo la kwanza lilikuja na wachezaji wa karatasi ngumu. Mwaka 1988 wakaja wa plastiki, juu ya uwanja mnene wa povu gumu ulioitwa Astrogranite, yaani badala ya nyasi bandia, jiwe bandia.

Uchezaji wake ni huu. Kila upande unaweka wachezaji 11. Kila kipindi kina zamu nane kwa kila kocha. Timu mpya inapewa vipande 1,000,000 vya dhahabu kusajili. Mpira unabebwa hadi mstari wa mwisho, na wanaokuzuia wanaruhusiwa kukupiga. Ukitupa dadu vibaya, mchezaji wako akaanguka au akaudondosha mpira, zamu yako imekwisha hapohapo, hata kama wenzake kumi hawajasogea. Kwa hiyo kocha anaanza na lililo salama na anaacha kamari mwishoni, ingawa walevi wa kamari huanza nayo.

Sasa angalia stori inavyofanya kazi. Mgeni anakaa mezani kwa mara ya kwanza. Anaambiwa: hii ni timu ya panya, Skaven. Kabla hajafungua kitabu ameshajua nusu ya mambo. Panya wana mbio, panya wanavunjika. Na kweli, mkimbiaji wao anayeitwa Gutter Runner anakwenda miraba tisa kwa zamu kwenye uwanja wenye urefu wa miraba 26. Akipigwa ngumi moja ya maana, anatolewa kwa machela. Kisha anaonyeshwa timu ya Dwarf, wale wafupi wa ndevu. Beki wao anakwenda miraba minne tu, lakini kumwangusha ni kama kuangusha mbuyu. Hakuna aliyefafanua. Kila mtu amewahi kuona panya akikata sebule, na kila mtu amewahi kuona beki mfupi mnene asiyeng'oka. Katika mchezo wenye kitabu kinene cha sheria, hilo si pambo. Ni nusu ya somo.

Kuna timu ya Halfling, watu wadogo walafi, kasi hawana, nguvu hawana, na wanauzwa bei ya kutupwa. Kila kocha anajua ni vibonde. Na bado kwenye kila mashindano yupo anayekuja nao, kifua mbele, akiwa amemsajili mpishi mkuu ambaye kazi yake kwenye sheria ni kumnyang'anya mpinzani nafasi zake za kurudia dadu. Shabiki wa timu inayoshuka daraja kila baada ya misimu miwili anamwelewa mtu huyo bila mkalimani.

Kuna goblini anayeingia uwanjani na msumeno wa mota. Ni kosa, na refa atamtoa. Ila kocha anaweza kulipia hongo kabla ya mechi, ipo kwenye orodha ya manunuzi na bei yake imeandikwa. Kuna zimwi kubwa, Troll, linaloweza kumnyanyua goblini mwenye mpira na kumrusha mbele, njia ya mkato ya kufunga. Kabla ya kumrusha inabidi dadu ithibitishe kwamba zimwi halijamla. Watu wanacheka mpaka machozi, na ndani ya kicheko wamejifunza sheria tatu.

Lakini kinachoufanya mchezo huu ushike mtu ni ligi. Mchezaji anayefunga au kuvunja watu anakusanya pointi, anaongezewa ujuzi, anapata jina. Kocha anampa jina, anampaka rangi na namba mgongoni. Wiki ya sita anavunjwa mguu, anapoteza mraba mmoja wa mbio daima. Wiki ya tisa dadu mbaya, kafa. Kafa kabisa, anafutwa kwenye karatasi ya timu. Kwa hesabu kavu ni mistari miwili ya wino. Kwa aliyemlea ni msiba, na wapo wanaomtengenezea kaburi la udongo la kuweka kando ya uwanja.

Hapa mpinzani wa hoja atauliza, na ana haki: mbona drafti inachezwa kwa vizibo vya soda kila kijiwe, haina jezi, haina stori, na haijafa? Kweli. Hakuna aliyewahi kumlilia kizibo aliyeliwa. Michezo kama hiyo inabebwa na akili tupu na inaishi karne. Ila hata huko stori hupenya kimyakimya. Kizibo kikifika mwisho wa ubao kinaitwa kingi. Bao lina nyumba, na ikifika saa ya kuilinda nyumba hakuna anayesema analinda shimo.

WALIOKUJA NA SHERIA TAMU

Mwaka 2014 kampuni changa ya Steamforged ya Uingereza ilichangisha fedha mtandaoni na kuleta Guild Ball. Huu nao ni mpira, safari hii wa kupiga mateke, wa zama za kati, mtaa kwa mtaa. Timu zake ni vyama vya mafundi: wachinjaji, wavuvi, waashi, watengeneza pombe, hata wazika maiti. Waliokuwa wakicheza kwa ushindani waliupokea kwa mikono miwili. Bahati ya dadu ilipunguzwa, akili ikaongezwa, na wengi waliusifu kwamba kiuchezaji ulikuwa umemzidi Blood Bowl kwa mbali.

Haukufika mbali. Miaka michache baadaye kampuni iliacha kuuendeleza. Sababu za biashara zipo, na kutengeneza vijisanamu si kazi ya bei rahisi. Lakini meza haidanganyi: panya mwenye helmeti anajieleza mwenyewe akiwa kwenye kabati la duka, wakati mwashi mwenye nyundo inabidi asimuliwe kwanza. Kwa nini mwashi anamchukia mvuvi? Ipo hadithi, imeandikwa vizuri, ila mtu aliyepita mbele ya kabati hakuwa ameisoma. Guild Ball ilikuwa kama timu inayotandaza soka safi mbele ya viti vitupu.

Blood Bowl yenyewe iliwahi kutelekezwa. Kwa miaka mingi Games Workshop iliiweka pembeni, ikashughulika na bidhaa zinazouza zaidi. Mashabiki ndio waliobaki na mtoto. Waliendesha ligi, wakashiriki kuzirekebisha sheria, wakawa na chama chao, NAF, na kuandaa Kombe la Dunia lao, la kwanza Nottingham mwaka 2007. Kampuni ilipotoa toleo jipya mwaka 2016, haikukuta kaburi. Ilikuta timu zimeshapangwa. Kombe la 2023 lilichezwa Alicante, Hispania.

ULIMWENGU ULIPOLIPULIWA

Turudi Julai 2015, maana hapo ndipo kampuni ilipojaribu kitu kilekile kwa upande wa pili.

Mchezo mkubwa wa vita wa Warhammer ulikuwepo tangu 1983. Majeshi yalipangwa kwa safu, kila askari juu ya kitako cha mraba ili wabanane bega kwa bega. Ulimwengu wake ulijengwa miaka 30, na siri ya ladha yake ni kwamba uliiba historia ya kweli bila aibu. Dola lake kubwa lilifanana na Ujerumani ya zamani. Bretonnia walikuwa mashujaa wa farasi, Ufaransa iliyochanganywa na hadithi za Mfalme Arthur. Tomb Kings walikuwa mafarao wa mifupa waliofufuka jangwani. Mtu hakuhitaji kusoma kurasa 300 kujua amewaona wapi.

Mauzo yalikuwa yamezorota. Kampuni ikaamua kuua. Mfululizo wa vitabu wa 2014 na 2015 ukaiangamiza dunia nzima, ikalipuka, na mahali pake pakaja Age of Sigmar, yenye falme za kichawi zinazoelea na mashujaa wa dhahabu wasiokufa. Vitako vikawa vya duara. Sheria zikawa kurasa nne, bure. Hapakuwa na pointi za kupima jeshi la huyu na la yule. Kulikuwa hata na kipengele kinachokupa faida kama ndevu zako, wewe mchezaji mwenyewe, zinashinda za mpinzani. Kwa mtu aliyepaka askari mia mbili kwa miaka kumi, hilo halikuwa utani. Ilikuwa dharau.

Waliokasirika hawakukaa tu kulalamika. Kundi la mashabiki likatengeneza mchezo wao, The Ninth Age, wenye safu na vitako vya mraba. Wakagonga ukuta uleule wa Man Red. Mtindo wa kucheza waliweza kuulinda, lakini majina, ramani na wafalme vilikuwa mali ya kampuni. Bretonnia ikabidi iitwe Equitaine. Mchezo ukapata watu wake na bado upo, ila anayeuchezea anajua anatazama timu yake ikiwa imevaa jezi ya kuazima. Mashabiki wa Wimbledon waliounda AFC Wimbledon mwaka 2002, klabu yao ilipokuwa inahamishiwa Milton Keynes, wangekaa nao meza moja wakaelewana.

Na haki itendeke: Age of Sigmar haikufa. Mwaka 2016 pointi zilirudi, hadithi ikakua, watu wapya wakaingia ambao dunia ya zamani hawakuwahi kuijua wala kuililia. Leo ni mchezo mkubwa. MK Dons nao wana watoto waliozaliwa Milton Keynes, wanaowapenda bila hatia yoyote.

Ila marehemu naye hakukubali kuzikwa. Mei 2016, chini ya mwaka mmoja tangu mlipuko, ikatoka gemu ya kompyuta Total War: Warhammer, na ulimwengu wake ulikuwa uleule uliofutwa mezani. Vijana walioingia humo wakatoka wakiuliza vijisanamu vyake vinauzwa wapi. Havikuwepo. Mwishoni mwa 2019 kampuni ikatangaza kwamba inaurudisha, na Januari 2024 Warhammer: The Old World ikaingia madukani.

Mwaka huo wa 2024 ulikuwa na mambo. Septemba, Kombe la Dunia la Subbuteo la FISTF lilipigwa Tunbridge Wells, jirani kabisa na pale kifungo cha koti kilipoanzia. Desemba, Games Workshop, watengeneza wanasesere, ikaingizwa kwenye orodha ya makampuni 100 makubwa ya soko la hisa la London, ikakaa pamoja na mabenki na makampuni ya mafuta.

Na majeshi mawili yaliyochaguliwa kufungua The Old World yalikuwa Bretonnia na Tomb Kings, yaleyale ambayo baada ya 2015 yaliondolewa kabisa kwenye mauzo. Safu zimerudi, na vitako vya mraba vimerudi. Walioficha maboksi yao chini ya kitanda waliyatoa, wakafuta vumbi. Waliobandua miraba wakabandika duara ili waendane na wakati, walikaa chini na kisu na gundi, wakaanza kubandua tena.